Miaka 30 kwa ushahidi wa mtu mmoja

Kila ikitoka habari kwamba fulani kafungwa miaka 30 kwa kubaka, swali la mtaani ni lilelile: DNA iko wapi? Mtu aozee gerezani kwa maneno ya binti mmoja? Wanaouliza si watu wabaya. Wengi bado wana kesi ya mwanamuziki Nguza Viking (Babu Seya) na wanawe kichwani: kifungo cha maisha kwa kubaka watoto mwaka 2004, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikawaachia wana wawili mwaka 2010 na kuwabakiza baba na mwanawe Papii Kocha, hadi msamaha wa Rais Magufuli, Desemba 9, 2017. Msamaha haukufuta hatia, ila mtaani ulipokewa kama umeifuta.

Kanuni inayolalamikiwa ni ya kesi ya Selemani Makumba ya mwaka 2006: ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. SOSPA, sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, ilikuwa imeshaandaa njia, ilipoiruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi iandike kwa nini imeridhika kwamba anasema kweli.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana takribani 1 katika kila 7, wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Namba hiyo tumeizoea, kila semina inafunguliwa nayo. Inayonikera mimi imo humohumo ndani na haisomwi: karibu nusu ya wasichana hao walisema yaliwakuta nyumbani kwa mtu. Huko vichakani tunakowakataza kupita usiku siko kunakoongoza. Ni nyumbani kwa mtu, mlango umefungwa, na huenda mwenye nyumba ni baba mdogo au mwalimu wa tuisheni. Shahidi wa pili atoke wapi? Na karibu nusu ya wasichana hawakumwambia mtu yeyote.

Sasa twende kwenye hiyo DNA. Mtoto anasema siku ya nne, baada ya shangazi kumbana kwa maswali. Ameshaoga, nguo zimeshafuliwa. Wanaanzia polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi anayoijaza daktari, ndipo hospitali, ambako daktari wa zamu anaandika mistari miwili mitatu. Mahakamani fomu inapokelewa, lakini hakuna anayeisoma kwa sauti mshtakiwa akasikia. Kwenye rufaa inaondolewa. Hapo kelele zinapanda: ushahidi wa daktari umefutwa na bado mtu yumo ndani! Kilichofutwa ni karatasi, kwa uzembe wa wengine. Mtoto alisimama mbele ya watu wazima asiowajua, akasema, akaulizwa maswali. Sheria yenyewe haidai majeraha ili kuthibitisha kwamba hapakuwa na ridhaa. Ukiweka sharti la DNA kwa kila kesi, nyingi zitafia kituoni, na watakaoshukuru ni wenye funguo za nyumba zile.

Hata hivyo hofu ya kusingiziwa ina msingi. Watu hugombea shamba, hugombana kwa mahari, na kesi ya kubaka ni silaha nzito ya kukomoana. Hakimu akishamtia mtu mzima hatiani hana pa kushukia chini ya miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Mahakama ya Rufani imelijibu hili kwa sehemu. Katika kesi ya Mohamed Said, 2019, ilisema neno la aliyebakwa halikukusudiwa lipokewe kama Injili; lazima lipimwe. Kipimo kimojawapo kimetoka mbali, kwenye kesi ya Marwa Wangiti ya 2002: kumtaja mtuhumiwa mapema kunaongeza uzito wa ushahidi. Kipimo kizuri, ingawa mtoto aliyetishiwa kisu naye hukaa kimya, na hakimu asiyeuliza sababu ya ukimya huo anaweza kumwachia mbakaji.

Kinachonitia shaka zaidi ni maswali ya dodoso, yale mshtakiwa anayomuuliza shahidi wa upande wa mashtaka. Neno la shahidi mmoja hupimwa hapo, na washtakiwa wengi hawana wakili. Fundi baiskeli anaambiwa, haya, muulize shahidi. Anauliza, "Kwa nini unanisingizia?" Binti anajibu, "Sikusingizii." Fundi anakaa. Hakuuliza ilikuwa siku gani, nani alikuwa nyumbani, ugomvi wa wazazi ulianza lini. Na kanuni ipo: usichomdodosa shahidi huhesabiwa umekikubali. Akienda rufaa, anakutana na ukimya wake kwenye mwenendo wa kesi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inairuhusu mahakama kuagiza mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo apatiwe wakili. Wanaodai DNA wangeanza kwa kudai agizo hilo litolewe kwenye kila shauri la kubaka, kabla shahidi wa kwanza hajaitwa, pamoja na Bunge kuwapa mahakimu nafasi ya kushuka chini ya 30. Mtoto naye angeulizwa na mtu aliyefundishwa kuuliza, badala ya kukaa ana kwa ana na mtu anayemwogopa.