Mitambo mikubwa ya mafuta baharini: ukubwa ukae wapi?

Gumzo la mafuta ya pwani likifufuka hapa Nairobi, picha ya Troll A haikosi kuzungushwa kwenye simu: nguzo nne za zege zikivutwa na meli katika bahari ya Norway, zimesimama wima. Tarakimu zake zinashangaza kweli. Mtambo huo wa gesi una mita 472 kutoka kitako hadi kileleni. Mwaka 1995 ulivutwa zaidi ya kilomita 200, ukasimikwa kwenye maji yenye kina cha mita 303. Jengo la KICC hapa Nairobi lina takriban mita 105. Pandanisha majengo manne ya aina hiyo, na bado Troll A itayazidi.

Picha ikishaonekana, watu hugawanyika. Wapo wanaosema kwamba siku Kenya itakapopata mafuta baharini nasi tutakuwa na jitu la namna hiyo, na hapo ndipo dunia itatuhesabu. Wapo wanaosema jitu la namna hiyo mbele ya Lamu ni msiba kwa samaki, matumbawe na wavuvi. Naziheshimu hofu na matumaini ya pande zote mbili, lakini naona wote wanabishania mtambo ambao hauwezi kuja kwetu.

Kinachouzuia ni kina cha maji. Kisima cha Mbawa-1, kilichochimbwa katika bahari ya Kenya mwaka 2012, kilikuwa kwenye maji ya mita 864. Sunbird-1 cha mwaka 2014 kilikuwa kwenye mita 723. Mbawa kilitoa gesi, Sunbird kikaonyesha mafuta na gesi, ila hakuna kilichotosha biashara. Sasa linganisha na Petronius iliyo Ghuba ya Mexico, mojawapo ya mitambo mirefu kabisa iliyowahi kusimikwa juu ya sakafu ya bahari: ina mita 610, na maji yake ni mita 535 tu. Kina kikizidi hapo, wahandisi huacha kusimamisha nguzo na kuanza kuelea. Chombo hushikiliwa na nanga, au na mapangaboi yanayoongozwa na setilaiti ili kisitoke juu ya kisima. Tena tusichanganye mtambo wa kuchimba na mtambo wa kuzalisha. Meli iliyochimba Mbawa ilifanya kazi yake ikaondoka. Wa kuzalisha ndio unaokaa miongo.

Kwa hiyo swali letu halipaswi kuwa mkubwa au mdogo. Mafuta na gesi ya kina kirefu yanahitaji mitambo mikubwa mahali fulani: juu ya maji, chini ya maji, au nchi kavu. Ukubwa huo utakapowekwa ndipo patakapoamua nani apate kazi, nani apoteze bahari yake na nani abaki na mabaki.

Wanaotetea ukubwa wa baharini wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Bahari yenyewe huudai. Tarehe 1 Januari 1995, vipimo vilivyo kwenye mtambo wa Draupner, Bahari ya Kaskazini, vilirekodi wimbi la karibu mita 26. Sakafu ya kazi isipokuwa juu vya kutosha, wimbi kama hilo huifikia. Katika bahari hiyo hiyo, kwenye eneo la mafuta la Ekofisk, uchimbaji ulifanya sakafu ya bahari ididimie, na mwaka 1987 majukwaa yakalazimika kuinuliwa mita sita kwa jeki. Kuna pia nafasi ya kutenganisha hatari. Piper Alpha, mtambo mwingine wa Bahari ya Kaskazini, iliteketea tarehe 6 Julai 1988 na kuua watu 167. Iliundwa kwa ajili ya mafuta, kisha ikaongezewa mitambo ya kushindilia gesi karibu na chumba cha udhibiti. Kilichochangia maafa pale ni msongamano: gesi, mafuta, malazi na udhibiti vikibanana katika jukwaa moja. Mtambo mpana zaidi, au majukwaa kadhaa yaliyounganishwa kwa madaraja, huwapa watu umbali na moto.

Hata hivyo ukubwa hukusanya makosa pia. Tarehe 23 Agosti 1991, kitako cha zege cha mtambo wa Sleipner A kilipasuka kikijaribiwa majini karibu na Stavanger, Norway, kikazama chote. Hesabu za kompyuta zilikuwa zimekadiria nguvu za mkato katika baadhi ya kuta pungufu kwa asilimia 47. Hakuna aliyekufa, lakini hasara ilikuwa takriban dola milioni 700. Taifa lenye visima vingi na akiba kubwa huweza kumeza pigo hilo. Mimi nisingependa nchi inayoanza iweke kila kitu kwenye chombo kimoja.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwa majirani zetu, na nashangaa kwamba mijadala ya Nairobi huuruka kukimbilia Norway. Msumbiji ina Coral Sul, kiwanda kinachoelea chenye urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, kilichotiwa nanga kwenye maji ya takriban mita 2,000. Shehena yake ya kwanza ya gesi iliyosindikwa iliondoka Novemba 2022. Kumbuka hali ya nchi kavu wakati huo: mji wa Palma ulishambuliwa Machi 2021, na mwezi uliofuata kampuni ya TotalEnergies ikatangaza kwamba mradi wake wa bara umesimama. Kiwanda cha baharini hakikuguswa, na cha pili, Coral Norte, kiliidhinishwa mwaka 2025. Tanzania nayo ilitaka kiwanda chake kijengwe Lindi, nchi kavu, kwa gesi iliyoanza kugunduliwa kwenye kina kirefu mwaka 2010. Mazungumzo yamevuka muongo mzima, na kiwanda bado hakijajengwa.

Ukiishia hapo utasema jitu linaloelea limeshinda. Lakini Coral Sul iliundwa Geoje, Korea Kusini. Uchomeleaji, mabomba, umeme, mwaka baada ya mwaka wa kazi za mafundi, vyote vilifanyika huko. Ikawasili mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, imekamilika, na malazi yake yote yamo ndani. Kijana wa Pemba, mji wa mkoa huo, anaweza kuishi umri wake wote bila kukanyaga kiwanda kinachouza gesi ya mkoa wake. Kwangu hilo ni pungufu kubwa, na halifidiwi na tarakimu za mauzo ya nje.

Kiwanda cha nchi kavu kinaleta ajira, barabara na mafunzo. Hapa lakini ndipo mvuvi anapoumia zaidi, na wanaharakati wa mazingira hawalisemi vya kutosha. Sheria ya kimataifa ya bahari inaruhusu eneo la usalama la hadi mita 500 kuuzunguka mtambo. Hiyo ni kama kilomita moja ya mraba kwa kila mtambo, katika maji ya kina kirefu ambako mashua za Lamu haziendi kutega. Bomba linalopanda ufukweni, gati na uchimbaji wa mlango wa meli hupita palepale penye mikoko na matumbawe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe Sh1.76 bilioni kwa sababu ya bandari, na hapo hakukuwa na mtambo hata mmoja wa mafuta.

Ipo njia ya katikati ninayoiona inafaa tukipata gesi ya wastani. Kampuni ya Eni iliinunua Tango, kiwanda kinachoelea chenye mita 144 tu ambacho kilikuwa kimefanya kazi Argentina, ikakipeleka Congo-Brazzaville, na kikaanza uzalishaji Desemba 2023. Kiko kwenye maji mafupi karibu na ufuo, hivyo hakiwezi kunakiliwa Mbawa jinsi kilivyo. Ila kinaonyesha kwamba chombo kidogo kinaweza kukodiwa, kutumika na kuhamishwa bila nchi kujifunga kwa nusu karne.

Kuhamishwa huko ndiko kunakonielemeza upande wa kuelea. Mwaka 2017 meli ya Pioneering Spirit iliinua sehemu ya juu ya Brent Delta, mtambo wa Bahari ya Kaskazini, tani zipatazo 24,000, kwa mara moja. Nguzo za zege zimebaki baharini, na Ulaya imezibishania kwa miaka. Chombo kinachoelea hufunguliwa nanga na kuvutwa. Kazi inayobaki ni kuziba visima na kuondoa mabomba, ambayo nayo si rahisi.

Sheria yetu ya Petroli ya mwaka 2019 inatambua gharama za kuondoa mitambo, na inatenga asilimia 20 ya mgao wa serikali kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika. Kifungu cha 71 cha Katiba nacho kinalipatia Bunge mamlaka ya kuidhinisha mikataba ya rasilimali. Basi wabunge watakapoletewa mkataba wa kisima cha baharini, wadai mambo haya yaandikwe kabla ya kura: kina cha maji, mahali gesi au mafuta yatakaposindikwa, sehemu ya kazi itakayofanyiwa Kenya, na fedha za kubomoa zitawekwa lini na nani. Na vikao vya kusikiliza maoni vianzie Faza na Shimoni, kwa sababu wavuvi wa huko ndio wanaojua bomba litapita juu ya nini.