Kifaransa cha Kinyozi

Tangazo lilifika kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaa likiwa limepita mikono mingi mpaka picha imefifia kama fulana ya mtumba. Kampuni moja ya uwakala wa forodha, hapa Dar es Salaam, ilikuwa inatafuta ofisa wa nyaraka za mizigo ya Kongo. Walitaka vitu sita: stashahada, cheti cha forodha cha Afrika Mashariki, uzoefu wa miaka mitatu, kuijua TANCIS, yaani ule mfumo wa forodha wa TRA, Excel ya hali ya juu, na Kifaransa cha kuongea na kuandika.

Nikajihesabu. Nilikuwa na kimoja na nusu. Kimoja ni uzoefu, maana miaka mitatu nilikaa kweli kwenye ghala moja Kurasini, ila kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia yakipanda lori: vijiti vinne, cha tano unakilaza juu ya wenzake, unaanza upya. Nusu ni Excel, ambayo najua kuifungua.

Nikaenda steshenari, Tandika, kuchapisha CV.

"Kazi uliyokuwa unafanya, kaka?" akauliza dada wa pale.

"Kuhesabu magunia."

"Hapana," akasema bila kunitazama, akaandika kwa Kiingereza kitu ambacho kwa lugha yetu ni Mratibu wa Takwimu za Shehena. Nikakisoma mara mbili. Sikuona uongo. Vijiti navyo ni takwimu.

Tulipofika penye lugha nikasema Kiswahili na Kiingereza. Dada akasikitika. "Mbili tu? Huku chini patabaki pengo, utaonekana kama pesa ya kuchapisha ilikuishia njiani. Tangazo si linasema Kifaransa?" Akakiongeza. Mbele ya kila lugha kulikuwa na nyota tano za kujaza. Kifaransa akakijazia nne. "Ya tano tuiache, wasije wakasema unajisifu."

Ningeweza kumzuia. Badala yake nilimlipa na nikamwachia chenji.

Wiki mbili baadaye ikaingia simu: Alhamisi, saa tatu asubuhi, Posta, ghorofa ya saba, njoo na vyeti halisi. Ilikuwa Jumanne jioni. Nilikuwa na siku moja ya kujifunza lugha nzima.

Sasa, jirani yangu ni kinyozi, na kwenye saluni yake muziki wa Kongo huanza shata linapopanda na hauzimi mpaka linaposhuka. Ananyoa huku akiitikia, hata pale penye maneno mengi. Nikamweleza shida yangu. Akazima mashine.

"Kifaransa ndiyo kinakutoa jasho? Wakongo wanaongea nini? Miaka 18 nakisikiliza hiki."

Alikuwa na uhakika ule wa mtu asiyejua kitu. Akanipa sentensi mbili na matamshi yake, akanifundisha na namna ya kuiweka sauti: unaanzia juu, unaiangusha taratibu mwishoni, jicho limelegea. "Wakikuuliza lolote, jibu hivyo. Halafu tabasamu." Nilizikariri kwenye daladala Jumatano kutwa na Alhamisi asubuhi. Abiria mmoja alihama kiti.

Siku ya siku nikawakuta watatu. Mama wa HR katikati, kushoto mzee wa miwani, mkuu wa mizigo ya transiti, na kulia baba mmoja mnene, kimya, shati limenyooshwa mpaka linakata. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa, vimechongoka, rangi mbili. Mtu mwenye akili angesoma viatu vile na kuaga mapema. Mimi nilivisifia moyoni.

Mzee akaanza. "Lori limetoka bandarini na kontena la Lubumbashi. Litapita wapi?"

Hapo sasa aliniuliza nyumbani kwetu. Miaka mitatu nimekaa na madereva na matingo wao wakisubiri zamu ya kupakia, na dereva asiye na kazi ni redio. Nikalitoa lori Dar, nikalipandisha mlima Kitonga kwa gia ndogo, nikalipitisha Mbeya hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Nikalivusha Nakonde, nikalikatisha Zambia hadi Kasumbalesa, nikaliingiza Lubumbashi. Nikamweleza na foleni ya Tunduma, ile ambayo dereva anaweza kusonga ugali, akala, akafua, na nguo zikakauka kabla gari la mbele halijasogea. Mzee akacheka mpaka akavua miwani.

"Na T1 kwa upande wetu inafungwa wapi?"

"Tunduma, mzee, mzigo unapotoka nchini." T1 ni ile hati ya mzigo wa transiti, na hilo nililijua kwa sababu dereva mmoja liliwahi kumkwamisha, akatusimulia mwezi mzima.

"TANCIS umeitumia?"

"Nimefanya kazi nayo kwa karibu." Ukaribu wenyewe ulikuwa kusimama nyuma ya kiti cha wakala nikisubiri anikabidhi karatasi. Lakini mzee alishanipenda, akaandika kitu kirefu. Nikaanza kupanga mshahara. Nilikuwa nimefika kwenye kununua friji pale mama wa HR aliposema, "Haya, Kifaransa tunamwachia mwenzetu wa ofisi ya Lubumbashi."

Vile viatu vikasogea chini ya meza.

"Bonjour, monsieur. Présentez-vous, s'il vous plaît."

"Bonjour," nikajibu. Mpaka hapo tulikuwa sare. Nikavuta pumzi, nikaanzia juu kama nilivyofundishwa: "Bolingo na ngai, kotika ngai te." Nikalegeza jicho. "Motema na ngai ezali kolela." Nikaiangusha sauti taratibu, nikatabasamu.

Kimya. Kiyoyozi kilisikika. Mama wa HR, ambaye Kifaransa hakijui kama mimi nisivyokijua, aliitikia kwa kichwa na kuweka alama ya vema.

Yule baba akatoa leso, akajifuta uso mzima, akachelewa kuutoa humo.

"Weye," akasema hatimaye, kwa Kiswahili, kile cha kwao Lubumbashi. "Ile haiko Kifaransa. Ile njo Lingala. Unaniambia mpenzi wangu, usiniache, roho yangu inalia." Akatua. "Na miye niko na bibi na batoto tano."

Mzee wa miwani aliinama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika. Mama wa HR akaikata vema yake kwa mistari miwili, bila haraka.

Nikajaribu kujiokoa. "Kumbe Kiswahili mnaongea! Basi si tutaelewana tu?"

"Tunaongea sana," akasema. "Lakini karatasi ya douane, ya forodha, haiongei."

Wakanishukuru kwa kuja. Kosa langu la mwisho lilikuwa kusubiri lifti, maana ilipofunguka yule baba naye akatokea, akaingia na mimi. Ghorofa saba, wawili tu, kioo pande tatu. Popote nilipogeukia, yupo. Hakusema neno mpaka chini. Mlango ulipofunguka akanipisha kwa mkono, kiungwana kabisa.

"Kwaheri, bolingo."

Kinyozi nilipomfikishia taarifa alisema shida ni kwamba sauti sikuiangusha vizuri. Nikamwacha, kwa sababu alikuwa ameshika wembe.

Kazi, bila shaka, sikupata. Jumatatu nikarudi steshenari, nikamwomba dada anitolee Kifaransa kwenye CV. Akakifuta, akalitazama pengo, akasikitika upya.

"Patabaki wazi, kaka. Hakuna lugha nyingine umejifunza hivi karibuni?"

Nikafikiri.

"Weka Kilingala," nikasema. "Nyota moja."