Nataka Kozi Mmoja Aitwe Voi

"Mwanangu, pesa za kumvalisha ndege mtambo wa kumfuatilia kwa setelaiti zingechimba visima vingapi?" Mzee ninayemheshimu aliniuliza hivyo wiki jana pale steji ya Voi, na sikumjibu vizuri. Nilipandwa na hasira. Jibu nimelala nalo siku kadhaa, na ndilo hili.

Mzee, unawajua wale kozi wadogo wenye miguu myekundu, kozi wa Amur, wanaojaa Tsavo mvua za vuli zikinyesha na kumbikumbi wakiruka. Sisi watoto tuliwajua kwa manati. Mmoja nilimwangusha mimi mwenyewe, nikamshika angali na joto, nikidhani ni ndege wa pori letu tu. Kumbe huanguliwa huko Siberia ya kusini-mashariki na kaskazini mwa China, hupumzika India, kisha huvuka Bahari ya Arabia, zaidi ya kilomita 2000 ambazo hazina hata mti wa kutua. Hayo yote aliyamaliza, akaja kufa kwa jiwe langu.

Mwaka 2012, kwenye bwawa la Doyang jimboni Nagaland, India, wenyeji waliwanasa makumi ya maelfu kwa nyavu za samaki wakawauza nyama. Mwaka uliofuata mauaji yakakoma. Siwezi kusema ni setelaiti iliyoyakomesha. Wazee wa vijiji, makanisa na serikali walikuwa wameshahangaika sana. Lakini Novemba 2013 kozi watatu walifungwa mgongoni vifaa vya gramu 5 vinavyotumia nguvu za jua, wakaitwa Naga, Wokha na Pangti. Pangti ni kijiji, tena kijiji cha nyavu zilezile! Hebu fikiria jina la kwenu linavuka bahari usiku ukiwa umelala, linapita Somalia, linapita juu yetu huku, linashika njia ya kusini mwa Afrika, na asubuhi mnaulizana: leo amefika wapi? Nani atamtegea wavu tena? Wokha hakuonekana tena. Naga na Pangti walirudi Doyang mwaka 2014.

Ndiyo, kifaa ni mzigo. Kozi mwenyewe ni gramu 150 hivi, na mkono usio na ujuzi unaweza kumuua. Gharama nayo naikubali, mzee, maji ni maji. Ila hata tai mzoga wetu aliyefungwa kifaa, akitulia mahali pamoja muda mrefu kuliko kawaida, kifaa ndicho kinachowaonyesha askari wa wanyamapori mahali palipotegwa sumu.

Kinachoniuma ni kwamba watu wa Pangti walijua ndege wao yuko Kenya, na sisi tuliokuwa chini yake hatukujua kitu. Darasani kwetu hatukuwahi kuona ramani ya safari ile. Kumbikumbi wakitoka mwaka huu nitakuja kwako nayo kwenye simu, waite wajukuu. Halafu nataka kozi mmoja afungwe kifaa hapa hapa, aitwe Voi, na wale wa Pangti wamngojee.