Kura 30,492 za Bobby Sands zilisema nini?

Aprili 9, 1981, jimbo la Fermanagh na Tyrone Kusini, Ireland Kaskazini, lilichagua mbunge ambaye hakuwa ametia chakula kinywani tangu Machi 1. Bobby Sands, mwanachama wa IRA, kundi lenye silaha lililopigania Ireland Kaskazini itoke Uingereza na kuungana na Ireland, aliyefungwa miaka 14 katika gereza la Maze kwa kosa la silaha, alipata kura 30,492. Harry West wa Ulster Unionist, chama cha Waprotestanti waliotaka kubaki Uingereza, alipata 29,046.

Kwa serikali ya waziri mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, mhalifu ni mhalifu, awe na kura asiwe nazo. Msimamo huo si wa kubezwa. Waprotestanti wa mpakani walikuwa wamezika ndugu na majirani waliouawa na IRA. Kwao, kumpigia Sands ni kuwapigia wauaji. Siku mbili tu kabla ya uchaguzi, mwanamke aliyekuwa akikusanya fomu za sensa mjini Derry aliuawa kwa risasi, wakati wapigania Ireland moja wakihimiza sensa isusiwe. Ukiwaambia watu hao kwamba kura zile zilikuwa za huruma tu, unawatukana.

Lakini itazame karatasi ya kura. Majina mawili, basi. SDLP, chama cha Wakatoliki wengi kilicholaani mauaji, hakikusimamisha mtu, na Noel Maguire, ndugu wa mbunge ambaye kifo chake kiliacha kiti wazi, alijitoa dakika za mwisho. Mkatoliki asiyeitaka IRA angefanya nini? Zaidi ya 3,000 waliharibu kura. Tena Sands aligombea kama mfungwa wa kisiasa, si kwa jina la IRA, na madai yake yalihusu mambo kama kuvaa nguo zake mwenyewe na kukataa kazi za gerezani. Wapo walioamini kwamba mbunge hataachwa afe. Aliachwa. Alifariki Mei 5, siku ya 66 ya mgomo wake wa kula, akiwa na miaka 27.

Aliyeidhoofisha hoja ya serikali, kwa maoni yangu, ni serikali yenyewe. Kama kura hazikuwa na maana, haraka ya kutunga sheria ya kuwazuia wafungwa wa zaidi ya mwaka mmoja kugombea ilitoka wapi? Sheria yenyewe haikufua dafu: Agosti, Owen Carron, aliyekuwa wakala wa Sands wa uchaguzi, alilitwaa jimbo lilelile kwa kura 31,278. Ila waliotarajia kwamba sanduku la kura lingenyamazisha bunduki nao walisubiri sana. Sinn Féin, chama cha siasa kilichofungamana na IRA, kiliendelea kuomba kura, na IRA ikaendelea kuua hadi miaka ya 1990.