Ukitaka gari la wazi Mwanza, anza na paa

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, paa la gari langu liligoma pale Buzuruga. Lilikuwa gari la Ulaya, paa la chuma linalojikunja lenyewe ukibonyeza swichi na kuingia kwenye buti. Siku hiyo lilinyanyuka likasimama hapohapo, wazi kama mdomo wa kiboko, na wingu la ziwani lilikuwa limeshatufikia. Vijana wa bodaboda walinisaidia kufunika viti kwa makoti yao ya mvua. Nawashukuru hadi leo. Kilichokufa ni pampu ya haidroliki. Niliisubiri wiki tano kutoka Dar, na bei yake ilikaribia robo ya hela niliyonunulia gari.

Ndiyo maana nasema bila kupepesa macho: mwenye bajeti ya IST iliyotumika, akitamani gari la wazi, achague paa la turubai linalofunuliwa kwa mkono. Injini ikisumbua, mafundi wamejaa Nyakato. Paa la umeme likigoma, sijampata hata mmoja wa kumwachia funguo nikalala usingizi.

Kwa bajeti hiyo mimi nashika Toyota MR-S, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007. Paa lake ni turubai, na dirisha la nyuma ni kioo kweli, si plastiki inayogeuka njano. Kubwa zaidi ni injini: 1ZZ-FE ya sisi 1800, ileile iliyomo kwenye Premio, Allion na Wish za 1.8 za miaka ya 2000 mwanzoni. Ukifika duka la spea ukataja Wish, mnaelewana. Ila injini hizo za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili kabla ya kuwasha, na likishapata moto kanyaga mafuta uangalie kama linatoa moshi wa bluu. Na liwe la gia za mkono lenye klachi. Yapo yanayoitwa SMT, hayana pedali ya klachi. Kazi hiyo inafanywa na haidroliki na kompyuta. Hapo tumerudi kwenye shida ya pampu yangu ileile.

Wengi wanalipenda Mazda Roadster, ambalo nje ya Japani linaitwa MX-5, na ni kweli ni tamu kuliendesha. Kwenye matoleo ya 1989 hadi 2005, tatizo limejificha nyuma ya viti. Huko kuna vitundu viwili, kimoja kila upande, vya kupitisha maji yanayotiririka kutoka kwenye turubai. Vikiziba kwa majani na vumbi, maji yanafurika hadi ndani ya kingo za chini ya milango, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Rangi inabaki inang'aa.

Kwa hiyo huwa nabeba chupa ya maji ya lita moja na nusu. Namimina taratibu kwenye kitundu huku mwenzangu amechuchumaa nje, anatazama chini, mbele ya tairi la nyuma. Maji yakitoka upesi, sawa. Yakitoka kwa matone, rangi ya chai, nafunga chupa yangu. Kisha sumaku ndogo niliyoifunga kwenye kitambaa ili isikwangue: isiponata, chini ya rangi kuna puti. Niliwahi kukagua moja jekundu, namba C, linameta. Sumaku ilidondoka mara tatu upande wa dereva. "Kaka, hiyo rangi ya kiwandani," dalali akaniambia. Nilimshukuru, nikaondoka.

Daihatsu Copen ya sisi 660 inavutia kwa mafuta, lakini nyingi za toleo la kwanza zina paa la chuma la umeme. Naiacha.

Jua letu ni kali, tuko jirani na ikweta na juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo turubai litakauka kwenye mikunjo. Libane kwa vidole penye mkunjo. Ukiona nyuzi nyeupe, halina muda mrefu. Hilo halinitishi. La MR-S niliyo nayo sasa lilipofumuka nililipeleka kwa fundi anayeshona maturubai ya bajaji. Alikaa na uzi wa nailoni na cherehani yake nzito saa moja na nusu, likaisha.

Magari haya ni ya chini, matuta yatagonga ekzosi, na kama nyumba yako iko juu ya mawe huko Mabatini, fikiria mara mbili. Ukiagiza kutoka Japani, piga kwanza hesabu ya kodi kwenye mfumo wa TRA mtandaoni, maana umri wa gari unaongeza ushuru.

Siku hizi nina MR-S. Jioni moja tulikuwa tunarudi kutoka Busisi, tumevuka zile kilomita tatu za daraja, paa wazi, na mvua ikatukuta kabla ya Usagara. Niliegesha pembeni, nikanyoosha mkono nyuma, nikalivuta turubai, nikabana vishikizo. Mke wangu alikuwa hajamaliza kujifunga mtandio.