Kesi ya Sikio la Kushoto

Majirani zetu wa Magomeni walikubaliana, bila kikao na bila kupiga kura, kwamba mke wangu ananipiga. Ushahidi waliokuwa nao haukuwa mwepesi: jicho lililovilia damu, mikwaruzo shingoni, kuchechemea kila Jumapili asubuhi, na juu ya yote sikio la kushoto lililovimba na kung'aa kama andazi lililotoka kwenye mafuta sasa hivi. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na sauti yake husikika nyumba ya tatu, ilhali mimi ni karani wa stoo ambaye nikiita kutoka chumbani hata sebuleni hawasikii, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza nani kamfanya nani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiunga na mazoezi ya sanaa mseto za mapigano, ambayo vijana huyaita MMA, na nilikuwa na sababu mbili za kufanya hivyo. Ya kwanza ilitoka kwa daktari, aliyeutazama mkanda wangu wa suruali, kisha akautazama mkanda wa kipimo chake cha presha, akaniambia kwamba mmojawapo utakatika. Ya pili niliipata jioni moja karibu na daraja la waenda kwa miguu la Manzese, ambapo mtu nisiyemwona alinipitishia mkono shingoni kwa nyuma, ile ambayo Dar es Salaam nzima inaiita roba ya mbao, na nilipopata fahamu nikakuta simu, pochi na kiatu kimoja vimekwenda. Simu na pochi naelewa. Kile kiatu kimoja hadi leo sijui kilipelekwa wapi wala kwa mguu wa nani.

Mahali tunapofanyia mazoezi ni chumba kirefu cha ghorofani, Kinondoni, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kiasi kwamba ukianguka mwereka wa nguvu, mwenye duka hugonga dari kwa ufagio. Kocha wetu ni mtu wa Unguja aliyejifunza judo hukohuko visiwani, kisha akaongeza masumbwi, mateke ya Kithai na jujutsu ya Kibrazili, na ana tabia ya kusimulia historia hasa pale tunapokuwa tumepiga pushapu nusu na mikono inatetemeka. Hadithi aipendayo zaidi ni ya Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993, siku ya mashindano ya kwanza ya UFC, kampuni ya huko inayoandaa mapambano ya MMA, ambapo Mbrazili mmoja mwembamba, Royce Gracie, mwenye kilo zipatazo 80, aliwashinda watu watatu usiku mmoja bila kuonyesha ngumi ya kutisha.

Katika watu hao watatu, mimi moyo wangu uko kwa wa kwanza, bondia Art Jimmerson, aliyepanda ulingoni amevaa glavu mkono mmoja tu. Alikuwa na sababu zake, kwamba mkono mmoja uwe wa kupiga na mwingine uwe wa kushikia, lakini Gracie alimwangusha, akamkalia kifuani, na Jimmerson akakubali yaishe kabla hajapigwa konde moja la maana. Wenzangu humcheka. Mimi niliyewahi kutembea kutoka Manzese na kiatu kimoja siwezi kumcheka mtu wa namna hiyo.

Somo ambalo kocha huanza nalo kwa kila mgeni si la kupiga, bali la kugonga. Mwenzako akikubana ukaona huna njia, unampiga kofi jepesi mara mbili tatu, mkononi, begani au popote unapofikia, naye anaachia papo hapo, hata kama mlikuwa mmekasirikiana tangu asubuhi. Bila makubaliano hayo, kocha husema, pale juu pasingekuwa na mazoezi, pangekuwa na kesi ya polisi. Hata huko Denver, katika fainali, Mholanzi Gerard Gordeau alimng'ata Gracie sikio, na alipokabwa akagonga, Gracie hakuharakisha kumwachia. Nilipoisikia hadithi hiyo nililishika sikio langu nikaona nina bahati, kwani langu halikung'atwa. Lilikuwa limesuguliwa tu na kukandamizwa kwenye mkeka, damu ikajikusanya kati ya ngozi na gegedu, jambo ambalo lisipotibiwa mapema hukauka na kulifanya sikio libaki na manundu maisha yote, na ndiyo maana wanamieleka wengi wana masikio yanayofanana na koliflawa.

Basi majirani wakapeleka habari kwa mjumbe wa shina. Mjumbe wetu ni mzee wa makini sana, na Jumapili moja baada ya alasiri alifika nyumbani na kaunta buku yake, akifuatana na mama mkwe wangu, baba mdogo wa mke wangu, na mjomba wangu aliyefanya kazi ya ukuli bandarini hadi alipostaafu, mtu ambaye ukimpa mkono wa salamu unauhesabu vidole ukirudishiwa. Tulisalimiana kwa utaratibu, shikamoo zikapokelewa, juisi ya ukwaju ikaletwa kwenye jagi lenye barafu, na mjumbe akafungua kikao kwa maneno mazuri mno kuhusu ndoa, subira na mikono ya wanawake.

Mama mkwe hakusubiri zamu yake. Alimgeukia binti yake akamwuliza kwa uchungu, "Mwanangu, ndivyo tulivyokulea?" Mke wangu, ambaye alijua vyema kwamba ninakwenda mazoezini lakini alikuwa na shauku ya kuona kikao kitafika wapi, aliinamisha kichwa na kujifunika uso kwa mtandio. Wageni walidhani analia. Mimi niliyeishi naye miaka yote hii nilijua kabisa kuwa anacheka.

"Baba," mjumbe aliniambia kwa upole, kalamu ikiwa tayari, "hapa hakuna wa kukudharau. Sema tu, ni nani aliyekufanya hivyo?"

"Ni binti mmoja anayesomea uuguzi," nikajibu.

Mtandio ulishuka. Mke wangu hakuwa akicheka tena.

Nilitaka kulitengeneza jambo, nikaeleza kwamba ni binti mdogo tu, hana hata kilo 60, kana kwamba upungufu wa uzito wake ungelipunguzia jambo uzito. Mama mkwe aliuliza tunakutana wapi. Nikasema ghorofani, Kinondoni. Akauliza tunafanya nini huko. Sasa mtu aliyezoea lugha ya mazoezini hupoteza kabisa kipimo cha maneno yanayofaa mbele ya wakwe, nami nikaeleza kwa uaminifu mkubwa kwamba yeye hunirukia mgongoni, akanizungushia miguu kiunoni, tukaanguka wote kwenye mkeka, na kwamba mara nyingi ni mimi ninayechoka kwanza.

"Astaghfirullah," alisema mama mkwe.

"Na unalipa?" aliuliza baba mdogo, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno.

"Kwa mwezi," nikasema.

Mjumbe aliacha kuandika. Nilimwona akifungua ukurasa mpya, akapiga mstari chini ya kichwa cha habari, kwa maana shauri lililoletwa lilikuwa la mke kumpiga mume na lililopo mezani sasa lilikuwa jingine. Mke wangu aliuliza swali moja tu, kwa ile sauti ya darasani ambayo wanafunzi wake wa darasa la saba huiogopa kuliko fimbo, nalo lilikuwa kwamba huyo binti jina lake nani. Nikaona kwamba maneno yamenishinda, na kilichobaki ni vitendo.

Nikasimama katikati ya sebule, nikawaomba wazee waniruhusu kuonyesha. Kuna kabali ya nyuma, nikaeleza, ambayo haibani koo wala haizuii pumzi, bali hubana mishipa miwili ya damu inayopanda pande mbili za shingo kwenda kwenye ubongo, na ikikaa sawasawa mtu hupoteza fahamu katika muda wa kama sekunde kumi, wakati mwingine pungufu ya hapo. Mkiiona mtaelewa kwa nini nina mikwaruzo shingoni. Nilihitaji mtu wa kufanyia mfano, na hapo ndipo adabu ilipoingilia kati. Mke wangu hakuwa katika hali ya kusogelewa. Mama mkwe hata kumtaja siwezi. Nikimtazama mjomba, ndugu mkubwa wa marehemu mama yangu, nikajiuliza ni mpwa gani mwenye akili timamu atakayempiga mjomba wake kabali mbele ya wakwe na mjumbe wa shina. Njia ya heshima ilikuwa moja tu, nayo ni mjomba anikabe mimi.

Nilikaa chini, yeye akakaa kwenye stuli nyuma yangu. Nilimwelekeza kama kocha anavyotuelekeza: mkono wa kulia upite mbele ya shingo mpaka kiwiko kikae chini ya kidevu, kiganja chake kishike msuli wa mkono wa kushoto, na kiganja cha kushoto kiende kisogoni. Mjomba alishika kila kitu mara moja, maana mkono ulioshusha magunia melini miaka mingi hauhitaji kuambiwa mara mbili namna ya kukumbatia kitu kisidondoke. "Hivi?" aliuliza. "Hivyohivyo, mjomba," nikasema, "sasa bana kidogo, na nikitaka uniachie..."

Sentensi hiyo haikumalizika. Mjomba alikuwa amebana kidogo kwa kipimo cha bandari. Nikafanya kile ambacho mwili wangu umefundishwa kufanya bila kufikiri, nikamgonga mkononi mara mbili, kwa adabu. Akaongeza. Nikagonga tena, safari hii kwa haraka na mikono yote miwili, nikamsikia akicheka kwa furaha na kuongeza tena, huku sauti ya mama mkwe ikitokea mbali sana, ikisema kwamba kweli linaonekana zoezi zuri.

Baada ya hapo nilikuwa kwenye pantoni ya Kigamboni, ninadaiwa nauli ambayo nilikuwa nimekwisha kuilipa. Nilibishana na mkusanya nauli kwa muda mrefu, nikashangaa kwa nini bahari ina harufu ya ukwaju, na nilipofumbua macho nikakuta nimelala chali kwenye zulia letu, nimelowa juisi kutoka kichwani hadi kifuani, kipande cha barafu kimetulia ndani ya kola, na mama mkwe amesimama juu yangu na jagi tupu. Mke wangu alikuwa ameishika miguu yangu juu, analia machozi ya kweli, akiniambia kwamba amenisamehe yote pamoja na huyo binti. Wataalamu husema mtu aliyekabwa namna hiyo akiachiwa mara moja huzinduka baada ya sekunde chache tu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa, lakini sekunde chache katika sebule yenye wakwe ni muda mwingi mno.

Mjomba alikuwa bado kwenye stuli, mikono hewani, uso umemsawijika. "Nilihisi ananipigapiga mkononi," alikuwa akimweleza baba mdogo, "nikasema, mtoto amefurahi jinsi nilivyolishika somo, ananipongeza. Ndipo nikaongeza."

Mjumbe alikuwa mtu wa kumbukumbu hata katika msiba. Nilipoketi na kufutwa uso, nilimwomba nisome alichoandika, naye akanipa kaunta buku bila kusita. Katika ukurasa ule mpya aliokuwa ameufungulia binti wa uuguzi palikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulisomeka: "Saa 10:40 alasiri, mume amefariki mikononi mwa mjomba wake." Ulikuwa umekatwa kwa kalamu, tena kwa rula. Wa pili ulisema: "Saa 10:41, mume ameomba maji." Nilimwuliza shauri limeamuliwaje, akaniambia kwamba miongozo yake inahusu watu waliogombana, haina kipengele cha mtu aliyekabwa kwa ombi lake mwenyewe, na kwamba kwa maoni yake huyu mke hana hatia yoyote, isipokuwa huenda amekuwa mpole kupita kiasi. Baba mdogo alitaka kujua ada ya mwezi ni kiasi gani.

Jumamosi iliyofuata mke wangu alinisindikiza Kinondoni, akaonana na binti wa uuguzi, wakazungumza pembeni kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko raundi yoyote, na mwisho wakabadilishana namba za simu. Sikuambiwa walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile yule binti hunikaba kwa bidii zaidi.

Aliyenishangaza ni mjomba. Yeye pia alikuja, amevaa suruali ya trakisuti na balaghashia, akamwambia kocha kwamba ameona ana kipaji. Kocha alimpokea, akapima moyo na presha yake kupitia kwa binti wa uuguzi, akamweka kwenye mazoezi ya wazee, na kwa mara ya kwanza akafundisha somo la kugonga kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimulia Denver. Mjomba alisikiliza, kisha akakataa. Alisema haiwezekani mtu mzima wa umri wake ampigepige mkononi binti wa watu asiye mwanawe, na kwamba kwao Rufiji mtu hafundishwi hivyo. Kocha akamwambia hakuna tabu, sheria za mchezo zinamruhusu pia kukubali yaishe kwa mdomo, atamke neno moja tu, lolote, na mwenzake atamwachia.

Neno moja kwa mjomba ni uhaba wa malezi. Zamu ya kwanza alipokabwa na binti wa uuguzi, wote tulimsikia akijikohoza, akimeza mate, na kuanza kwa sauti ya taratibu ya mtu aliyealikwa kutoa nasaha: "Mwanangu, kwanza samahani kwa usumbufu, hujambo, na hapo nyumbani wazazi hawaja..."

Ikabidi tumnyanyue miguu.