Laptopu ya tachi: kesi ya msomaji haijasikilizwa

Muuzaji wa laptopu za mtumba, awe Kariakoo au Luthuli Avenue, akikuambia mashine ni ya tachi, yaani skrini yake inaguswa kwa kidole kama ya simu, ujue bei inapanda, na rafiki yako mjuzi wa kompyuta atakukonyeza uachane nayo. Hoja zake zinajulikana. Kioo kinang'aa, ukikaa karibu na dirisha unauona uso wako badala ya maandishi. Kinakula chaji zaidi, kinajaa alama za vidole, na kikipasuka mara nyingi unabadilisha skrini nzima. Yote kweli, na hiyo ya mwisho ndiyo inayouma.

Lakini hoja inayopendwa kuliko zote ni ya mkono kuchoka. Oktoba 2010 Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa Apple, alieleza kwamba Apple walijaribu tachi kwenye skrini iliyosimama wima wakaona haifai: baada ya muda mkono unalemewa. Miaka miwili baadaye Microsoft wakaleta mfumo wa Windows 8, wakaondoa kitufe cha Start na kumrundikia vigae vikubwa vya kugusa kwa kidole hata mtu wa mausi. Mwaka 2013 kitufe kikarudi, ila kinyongo dhidi ya tachi kilibaki, ingawa kosa lilikuwa la programu.

Jobs alikuwa sahihi kuhusu mtu aliyeketi mezani, kanyoosha mkono, anabofya kutwa. Anayesoma hakai hivyo. Laptopu iko mapajani, mkono mmoja umeshika ukingo wa skrini, na kidole gumba kinasukuma ukurasa mara mojamoja. Mkono wenyewe umeegemea.

Chukua Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka kila Ijumaa: safu mbili, herufi ndogo, matangazo ya hati za ardhi zilizopotea yamefuatana. Unatafuta namba ya kiwanja cha mzee. Kwenye tachi unaweka vidole viwili juu ya tangazo lenyewe, unavitanua, safu moja inajaa skrini. Ukifika chini unaburuta kwenda safu ya pili. Utaambiwa tachipedi nayo inakuza. Inakuza, tena vizuri kwenye mashine mpya, lakini inakuza pale mshale ulipo, kwa hiyo kwanza uutafute huo mshale. Kidole kinaenda moja kwa moja jicho linapotazama. Na ukurasa uliopigwa skani hauna huruma: ukiukuza, mistari haijipangi upya kama ya tovuti, bali inatoka nje ya skrini, na kazi ya kuburuta haiishi. Mitihani ya miaka iliyopita na hukumu za zamani, nyingi tunazisoma katika hali hiyo hiyo.

Laptopu zile ambazo skrini inakunjwa mpaka nyuma, mtindo uliovuma na Lenovo Yoga mwaka 2012, hazinishawishi. iPad ya kwanza ilikuwa na gramu 680 na watu walilalamika ni nzito; laptopu iliyokunjwa kwa kawaida inapita kilo moja, na vitufe unavipapasa kwa chini. Anayetaka kushika kama kitabu anunue tableti.

Kwa mtu wa Excel, anayeshinda kwenye majedwali ya hesabu, nyongeza ya tachi ni hasara tupu. Mwanafunzi wa sheria mimi ningemwambia alipe, mradi ajaribu kioo hapo hapo dukani: afungue PDF, aburute kidole kona hadi kona. Kikikwama mahali, au ukurasa ukiruka wenyewe bila kuguswa, arudishe.